Njia ya Kaya: Kutoka Likoni Hadi Vanga

Ukishuka feri Likoni na kupanda matatu ya Lunga Lunga, saa mbili hazijatimia (dereva akiwa na haraka, na wote wana haraka) utakuwa umezipita Ngombeni, Waa, Tiwi, Ukunda, Msambweni na Ramisi, na bendera ya Tanzania haiko mbali. Ni karibu kilomita mia moja za lami. Msafiri wa dirishani huona minazi, minara ya simu, vibanda vya madafu na mabango. Mabango ni mengi mno. Kila shirika lililowahi kupita Kwale limeacha la kwake, na karibu yote yanasema jambo moja: wananchi, tunzeni misitu yenu, wananchi, tunzeni bahari yenu.

Mimi nilitaka kuipita pwani hii kwa alama za zamani zaidi. Nilitaka kuifuata kaya kwa kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kuanzia Bombo nyuma ya Likoni, kisha Waa, Tiwi, Diani, Ukunda, Muhaka, Kinondo na Chale, halafu niendelee Gazi na Vanga ambako msitu umesimama ndani ya maji ya chumvi. Swali nililokwenda nalo lilikuwa rahisi: kwa nini hapa miti imebaki na pale, mwendo wa dakika kumi tu, haikubaki? Jibu nililolipata mabango hayalitaji. Miti imebaki mahali ambapo kulikuwa na mtu wa kumwambia mwenye shoka, "Hapa hukati," naye mwenye shoka akageuka. Wananchi wa Kwale hawakuhitaji kuhimizwa kupenda msitu. Walihitaji kubaki na uwezo wa kukataza, na historia ya njia hii kwa sehemu kubwa ni historia ya uwezo huo kunyang'anywa, kuharibiwa, na mara chache kurudishwa.

Tuanze na kaya zenyewe. Mapokeo ya Wamijikenda husema walitoka Singwaya, kaskazini, upande wa Somalia ya leo, wakiwakimbia Waoromo, na kwamba kati yao Wadigo ndio waliotangulia kuteremka kusini. Kinondo hutajwa kuwa kaya yao ya kwanza. Wanahistoria wamevutana sana juu ya safari hiyo. Mwaka 1972 Fred Morton aliandika kwamba simulizi ya Singwaya ilikomaa mwishoni mwa karne ya 19; Thomas Spear akayatetea mapokeo na kuyajengea kitabu mwaka 1978; na mwaka 1993 Justin Willis akaonyesha kwamba hata jina lenyewe la Mijikenda, kama jina la taifa moja, ni la juzijuzi, la miaka ya 1940. Wasomi waendelee. Walikotoka watu ni jambo moja, na walichokifanya baada ya kufika ni jingine, na hili la pili bado linaonekana kwa macho.

Kaya ilikuwa kijiji katikati ya msitu. Njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zina milango, na chini ya ardhi palizikwa fingo, kinga ya mji. Msitu ulikuwa ukuta: adui hakuweza kuja kwa kundi, wala hakuweza kuona kilichomo ndani. Kwa hiyo sheria ya kutokata miti haikuanza kama ibada tu. Aliyekata mti alikuwa anatoboa ukuta wa watu wote, na ngambi, baraza la wazee, lilikuwa na kila sababu ya kumtoza mbuzi.

Kisha hatari ikapungua. Katika karne ya 19 watu walitoka kaya taratibu, wakaenda kulima na kujenga nje. Ndani yalibaki makaburi, mahali pa matambiko, na wazee waliokuja kuombea mvua. Hapo ndipo penye ajabu. Ukuta ulikuwa hauna kazi tena, lakini katazo lilibaki. Hukati mti, huokoti kuni, hulishi mifugo, hupiti isipokuwa njia uliyoonyeshwa. Wadigo waliingia Uislamu kwa wingi, wakajenga misikiti, na maimamu hawakuyapenda matambiko. Hata hivyo mzee huyohuyo angeweza kusali Ijumaa na kuketi kwenye ngambi siku nyingine. Katika mlango wa Mto Mwachema, kati ya Tiwi na Diani, uko Msikiti wa Kongo, wa mawe, wa mamia ya miaka, umezungukwa na mibuyu mikubwa, na bado unasaliwa. Pwani hii imezoea kuweka vitu viwili pamoja bila kuviuliza vinapatanaje.

Uwezo wa kukataza ulianza kuyumba karatasi zilipoingia. Sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi ililenga ukanda wa pwani uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar. Mtu mmoja mmoja aliyekuwa na dai la shamba alisikilizwa na kuandikiwa hati. Dai la kaya halikupata mahali pake kwenye daftari, kwa sababu kaya ni ya wafu na ya watakaozaliwa, na hao hawafiki ofisini kuweka dole gumba. Wazee wakabaki na katazo lisilo na hati, na baadaye wakaja watu wenye hati zisizo na katazo.

Kaya Bombo nilipita nje yake tu. Jina hilo Wakenya wengi walilisikia mara ya kwanza Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa usiku wa tarehe 13 na ghasia zikaenea pwani yote ya kusini. Watu zaidi ya mia moja walikufa, na maelfu kwa maelfu, wengi wao wa kutoka bara, wakahama. Vijana walioshambulia walikuwa wamekusanywa na kulishwa kiapo msituni, na siasa za uchaguzi wa mwaka ule zilikuwa nyuma yao. Naliweka jambo hili hapa kwa sababu makala nyingi za kusifu misitu mitakatifu huliruka. Heshima ya kaya ni nguvu halisi, na nguvu halisi hukodishwa. Mtu yule aliyeogopa kuokota kuni kwa sababu ya kiapo anaweza, kwa kiapo hichohicho, kutumwa kumchoma jirani. Baada ya 1997, kwa miaka mingi, mtu aliyeonekana akiingia kaya alitazamwa kwanza kama mhalifu, awe mzee wa matambiko au mwanafunzi wa mimea.

Diani ni kisa kingine. Kabla ya hoteli, nyuma ya ufuo palikuwa na ukanda wa msitu juu ya mwamba wa matumbawe, na Kaya Diani na Kaya Ukunda zilikuwa sehemu za msitu huo mmoja. Katika miaka ya 1970 barabara ya lami ya ufukweni ilifungua njia, na viwanja vya mbele ya bahari vikagawiwa watu waliokuwa na majina Nairobi. Kilichofuata hakihitaji maelezo marefu: hoteli, majumba ya kifahari, kuta, na kati ya kuta vipande vya msitu. Mbega weusi wenye mabega meupe, ambao kusini mwa pwani ndiko kwao, walijikuta miti yao imekatwa kati na gari zinazopita kwa kasi. Mwaka 1997 lilianzishwa shirika la kuwalinda, na leo juu ya barabara ya Diani zimening'inizwa ngazi za kamba ambazo mbega na tumbili huvukia. Ni jambo zuri, nami nilisimama kuzitazama kama mtalii mwingine yeyote. Lakini ngazi ya kamba ni ushahidi pia: ni daraja kati ya miti miwili ambayo zamani matawi yake yaligusana.

Kilichoziokoa kaya zilizobaki ni daftari tena, safari hii upande wa pili. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mimea Ann Robertson alizunguka kaya za pwani akiorodhesha miti, na baadaye akafanya kazi hiyo pamoja na Quentin Luke. Waliyoyakuta yalishangaza watu wa sayansi: vipande vidogo vya msitu, vingine unavizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri, vikiwa na mimea adimu ambayo kwingine ilikuwa imekwisha. Muhaka, ambayo haina ufuo wala wageni, inajulikana kwa wataalamu hao kuliko kwa wenyeji wa Ukunda. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa, na kikaundwa kitengo maalumu cha kuhifadhi misitu ya pwani. Maana yake kwa lugha ya kijijini ilikuwa hii: mzee akisema "hapa hukati", sasa nyuma yake kuna askari, hakimu na gazeti rasmi la serikali.

Kinondo iko kusini kidogo ya Galu, ambapo lami ya Diani inachoka. Ni msitu wa hekta 30 hivi tu. Ukiwa nje, jua la saa sita linakupiga utosini na bahari inang'aa. Ukipiga hatua ishirini ndani, hewa inabadilika. Kabla ya kuingia unafungwa kaniki kiunoni, mwanamume na mwanamke sawasawa, unavua kofia, unaambiwa usichukue kitu hata jani, na usibusiane na uliyekuja naye. Mizizi imeng'ang'ania mwamba wa matumbawe kana kwamba hakuna udongo, na kweli udongo ni haba. Kuna mti mkubwa ambao wageni huambiwa waukumbatie na kuuambia shida zao. Sina hakika kama wahenga walikuwa na desturi hiyo au imezaliwa na utalii, na sikuuliza, niliukumbatia. Nilichouliza ni habari ya mti ulioanguka wenyewe. Mzee aliyenitangulia alinijibu kwamba huachwa uoze palepale. Pembeni ya njia ulikuwapo mmoja, mnene, mwekundu ndani, umejaa uyoga, na nje ya uzio, hatua chache, kuna watu wanaonunua kuni.

Mradi wa kupokea wageni Kinondo ulianza mwaka 2001, na mwaka 2008 kaya hii pamoja na nyingine za Mijikenda, ikiwamo Mtswakara ya Waduruma huko Kinango, ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Mwaka uliofuata UNESCO ikaziandika mila zenyewe za kaya katika orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka. Tazama maandishi hayo mawili kwa pamoja. Moja linasifu msitu. La pili linakiri kwamba wanaoujua wanazeeka na vijana wana kazi nyingine. Kiingilio cha mgeni kinasaidia hapa. Kijana anayeongoza watalii analipwa kujua jina la kila mti, matumizi ya kila gome, na mpaka wa mahali asipoweza kumpeleka mgeni. Ujuzi uliokuwa wa wazee tu umepata mshahara mdogo.

Chale inaonekana kutoka karibu hapo. Ni kisiwa, na ni kaya. Katika miaka ya 1990 hoteli ilijengwa juu ya sehemu yake, wazee wakapinga, na hoteli ikabaki. Sehemu nyingine ya kisiwa ingali msitu. Sina zaidi la kusema juu ya Chale, ila kwamba kutangazwa turathi kwenye gazeti la serikali hakukuwa mwisho wa mabishano, kama ambavyo wengi wetu tungependa kuamini.

Katazo la Wadigo halikuishia ufuoni. Wavuvi wa Diani na Kinondo walikuwa na mizimu baharini: mahali fulani katika miamba ambapo havuliwi, au havuliwi kwa muda, na sadaka ilitolewa kabla ya msimu. Watafiti wa matumbawe waliofanya kazi huku katika miaka ya 1990, Tim McClanahan na wenzake, waliyaandika hayo, na waliandika pia jinsi desturi ilivyokuwa ikilegea. Wazee wa bahari walikuwa wamepoteza meno. Wageni wa kuvua na juya, wavu wa kukokota unaosomba hadi kamba wa chini na vifaranga, hawakuijua mizimu ya Wadigo wala hawakulazimika kuijua.

Serikali ilijibu kwa njia yake. Mwaka 1995 ilitangaza hifadhi ya bahari kutoka Diani hadi Chale. Wavuvi waliikataa kwa kauli moja. Walikuwa wameshaona kusini, Kisite na Mpunguti, ambako hifadhi iliyotangazwa katika miaka ya 1970 ilifunga sehemu za kuvulia, na kwa macho ya mvuvi hifadhi ni neno zuri la kufukuzwa. Hifadhi ya Diani na Chale ikabaki kwenye karatasi. Wengine walisema wavuvi hawajaelimika. Mimi nadhani walielewa vizuri sana. Waliletewa katazo ambalo mwenye kulishika hakuwa wao, na mapato ya kiingilio hayangekuwa yao, wakaambiwa washukuru.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2007, kanuni zilipovipa vikundi vya wavuvi, vinavyoitwa BMU, haki ya kusimamia bandari zao: kusajili vyombo, kukataza nyavu, kutoza. Kanuni hizo zikalipa nguvu wazo la tengefu, kipande cha bahari ambacho wavuvi wenyewe wanakifunga. Kuruwitu, upande wa Kilifi, walitangulia. Wasini na vijiji vingine vya Kwale vikafuata. Wazo lenyewe mzee wa mizimu angelitambua mara moja. Tofauti ni kwamba sasa limeandikwa, lina kamati, na mwenye juya anaweza kufikishwa mahakamani badala ya kuachiwa wahenga wamshughulikie.

Gazi ndiyo niliyokaa nayo zaidi.

Mji huu ulikuwa kitovu cha ukoo wa Mazrui wa kusini. Sultani Sayyid Said alipowanyang'anya Mazrui Mombasa mwaka 1837, tawi moja lilikwenda Takaungu na jingine likaja Gazi. Hapa ndipo Sheikh Mbaruk bin Rashid alipojiimarisha, akapigana na Sultani, akapatana naye, akapigana tena, na mwaka 1895 akaungana na nduguze wa Takaungu katika vita dhidi ya Waingereza. Nyumba yake ingali inaonyeshwa. Nyuma ya nyumba hizo za kale kuna ghuba, na ghuba imejaa mikoko.

Mikoko ya pwani hii ni mali ya zamani ya biashara. Majahazi yalibeba boriti hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na mbao, na upana wa vyumba vya nyumba za kale, kutoka Lamu hadi Maskati, ulifuata urefu wa boriti: mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Wakataji wana majina ya kila unene, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, na kila mti una kazi yake. Mkoko wenyewe na mkandaa hutoa majengo. Mchu na mlilana hukaa karibu na maji au mbali nayo, kwa tabia zao. Mkomafi huzaa matunda makubwa ya mviringo. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje. Lakini Gazi haikuumizwa sana na majahazi. Iliumizwa na tanuri. Katika miaka ya 1970 viwanda vya chokaa na matofali vilikata mikoko kwa kuni, na sehemu za ghuba zikabaki mchanga mtupu. Miaka ishirini baadaye mchanga ulikuwa bado mtupu. Mkoko una njia ya pekee ya kuzaa: mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, ikawa kama mkuki, kisha ikaanguka na kujichoma kwenye tope. Pasipo mti mama karibu hakuna mkuki, na pasipo mizizi ya kushika tope, bahari hulisomba tope na kuacha mchanga.

Tangu mapema miaka ya 1990 James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, alianza kupanda Gazi pamoja na wanakijiji, kwa majaribio: aina gani, mahali gani, umbali gani kutoka maji. Miti mingi ilikufa, iliyobaki ikafundisha. Kina mama wa Gazi wakajenga daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, wakapokea wageni na kuwapikia. Hatimaye, mwaka 2013, ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa kwanza duniani wa kijiji kuuza huduma ya mikoko ya kuhifadhi hewa ya ukaa. Eneo ni hekta 117. Chini ya mikoko, tope halina oksijeni, kwa hiyo majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi. Kaboni hukaa humo kwa karne nyingi msitu usipokatwa. Gazi na kijiji jirani cha Makongeni huuza tani 3,000 hivi kwa mwaka, na mwanzoni zilileta dola 12,000 hivi kila mwaka. Fedha hizo zilivuta maji, zikanunua vitabu na kukarabati madarasa. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nina mashaka yangu juu ya biashara ya kaboni. Kampuni ya Ulaya inayonunua tani zake Gazi inaendelea kuchoma mafuta kwao, na dola elfu kumi na mbili zikigawanywa kwa vijiji viwili vya maelfu ya watu si utajiri. Mtu akija kwako na kukwambia mikoko itawatajirisha, mtoze kiingilio. Lakini aliyetazama fedha tu amekosa jambo kubwa zaidi. Ili mradi uanze, chama cha jamii cha msitu wa Gogoni na Gazi kilitia saini mkataba na shirika la serikali la misitu, KFS, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2005. Mkataba huo uliwapa wanakijiji haki ya kusimamia. Matumizi ya fedha hujadiliwa kwenye baraza, na bomba la maji likifika mtaa huu kabla ya ule, watu husema, hugomba, hukubaliana. Mvinje hupandwa nchi kavu ili anayehitaji nguzo na kuni asishawishike kurudi kwenye mikoko. Na anayekamatwa na panga ghubani hakamatwi tena na askari wa kutoka mbali peke yake. Anakamatwa na watu wanaojua mama yake anaitwa nani. Ngambi imerudi, imevaa kamati, na ina katibu na akaunti ya benki.

Kutoka Gazi njia inapinda kidogo. Msambweni nilipita mchana wa jua kali, Ramisi nikaona miwa imerudi mahali ambapo kiwanda cha zamani kilikufa mwishoni mwa miaka ya 1980. Upande wa kulia, mbali na bahari, kinaonekana kilima cha Mrima. Ni kaya, ni msitu wa hifadhi, na chini yake kuna niobiamu na madini adimu ambayo simu na mitambo ya kijeshi huyahitaji. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba, na mwaka huohuo leseni ikafutwa. Kampuni ilikwenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na Oktoba 2018 ikashindwa: ilikuwa imepata leseni bila idhini ya mazingira iliyotakiwa kisheria kwa kilima kilichohifadhiwa. Wakili wa serikali ndiye aliyeshinda kesi, lakini ulinzi uliotajwa pale ni pamoja na tangazo la 1992, na tangazo la 1992 lilitokana na katazo la wazee. Kwa hiyo, kwa njia ndefu sana, ngambi ya Mrima ilisikilizwa Washington.

Juu zaidi, kwenye milima ya Shimba, palahala wa mwisho wa Kenya wanaishi katika hifadhi ya 1968, na kati ya milima hiyo na msitu wa Mwaluganje wakulima Waduruma na Wadigo walitoa mashamba yao katika miaka ya 1990 yawe njia ya ndovu, wapate gawio la mapato ya wageni. Ndovu walizidi, mwaka 2005 serikali ilihamisha 150 kwenda Tsavo Mashariki. Gawio halikukua kama ndovu walivyokua, na kuna wenye mashamba wanaojuta. Nawaelewa. Waliambiwa watoe ardhi, wakaitoa, lakini bei ya kiingilio, barabara na matangazo viliamuliwa na wengine.

Nikarudi baharini kupitia Shimoni na Kibuyuni, ambako wanawake hufunga mwani kwenye kamba maji yakipwa, wakiwa majini hadi magotini, nikaishia Vanga.

Vanga ni mji wa mwisho. Bamvua likiwa kubwa, maji huingia hadi mitaani, na kila mwenyeji anajua ni mikoko ipi ilikuwa mbele ya nyumba yake na ipi haipo. Mfano wa Gazi umefika hapa. Vanga, Jimbo na Kiwegu wameunda mradi wa aina hiyo, wa hekta 460, karibu mara nne ya Gazi. Watu ni Wadigo, Wavumba, Wasegeju, na nusu ya ukoo wa kila mmoja uko ng'ambo, Tanga na vijiji vyake, kwa sababu mpaka unaoanzia hapa Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 bila kumuuliza mtu. Mwaka 1896 Mbaruk wa Gazi, ameshindwa vita, aliuvuka mpaka huo na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam.

Mikoko inaendelea upande wa pili bila kusimama. Kamati ya Vanga ina mkataba, ramani, walinzi na haki ya kumkatalia mwenye panga, lakini haki hiyo inakoma kwenye bikoni ya mpaka. Kenya na Tanzania zimezungumza kwa miaka juu ya hifadhi ya pamoja ya bahari mpakani. Kwa sasa mtu akitaka boriti na akakataliwa Jimbo, anachohitaji ni mtumbwi na maji yaliyojaa.